Anayejishuku kuwa na unarsisi akabishe hodi wapi?

Andika neno "unarsisi", yaani ile hali ya mtu kujiona mkubwa na kuishi kwa kusifiwa, kwenye intaneti, kisha ongeza "tiba". Karibu kila utakacholetewa kinamhusu mtu mwingine: namna ya kumtambua mnarsisi, dalili kwamba unaishi naye, jinsi ya kumkimbia, jinsi ya kupona baada ya kuachana naye. Hata wataalamu wanaojitangaza kwamba wamebobea katika unarsisi, wengi wao wanawahudumia walioumizwa na watu wa aina hiyo. Kazi hiyo ni njema na inahitajika. Walioumizwa ni wengi, na maumivu yao ni ya kweli. Lakini yupo pia mtu anayesoma kurasa hizo hizo akijiuliza, "Huyu wanayemsema si mimi?" Anasoma mpaka mwisho na kukuta kwamba ametajwa kila mahali kama hatari ya kuepukwa, na hakuna mahali alipotajwa kama mgonjwa wa kutibiwa.

Naandika kwa ajili ya mtu huyo, na kwa ajili ya ndugu wanaohangaika kumtafutia msaada. Matabibu wanaoijua kazi hii na kukubali kuifanya ni wachache, hilo halina ubishi. Ila kuna kikwazo kikubwa zaidi ya uchache wao, nacho kinazungumzwa kwa nadra sana: maradhi yenyewe ndiyo yanayoshika usukani wakati wa kutafuta. Yanamchagulia mtu tabibu wa kumpendeza, yanamtafutia kasoro tabibu anayemfaa, na yanamwondoa mtu kwenye tiba wiki ile ile ambayo kazi ndiyo kwanza ilikuwa inaanza. Anayelijua hilo mapema hutafuta kwa vigezo tofauti kabisa.

Kwanza tuelewane tunazungumzia nini. Kupenda kusifiwa, kujipiga picha kila saa, hata ubinafsi wa kukera, si ugonjwa. Tatizo la haiba ya kinarsisi (haiba hapa ni namna mtu anavyojiona, anavyohisi na anavyohusiana na wengine) liliingia rasmi katika mwongozo wa kutambua magonjwa wa Chama cha Madaktari wa Magonjwa ya Akili cha Marekani mwaka 1980, katika toleo lake la tatu. Mwongozo wa sasa una vigezo tisa, na mtu huhesabiwa kuwa na tatizo akiwa na vitano au zaidi, tena viwe vimejijenga tangu alipoingia utu uzima na vinaonekana kazini, nyumbani na kwa marafiki. Vigezo hivyo ni kujiona mkubwa kuliko hali halisi, kuzama katika ndoto za mafanikio na uwezo usio na kikomo, kuamini kwamba wa kumwelewa ni watu wa daraja lake tu, kiu ya kusifiwa, kudai upendeleo, kuwatumia wengine, kushindwa kuhisi wanachohisi wenzake, husuda, na kiburi. Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2008 ulikadiria kwamba asilimia 6.2 ya watu wazima hufikia kiwango hicho wakati fulani maishani, wanaume wakiwazidi wanawake. Tafiti nyingine zimepata watu wachache zaidi ya hapo.

Kuna neno moja ambalo orodha hiyo haina, na kwa maoni yangu ndilo lililo katikati ya jambo lote: aibu. Wanaowatibu watu hawa wanasema tena na tena kwamba nyuma ya majivuno kuna mtu asiyeweza kujithamini bila macho ya wengine, mtu ambaye neno dogo la kukosolewa linamshusha kutoka juu kabisa hadi chini kabisa kwa dakika moja. Mwenye kovu usidhani kapoa. Na si wote wanaojivuna hadharani. Wapo wanarsisi wapole, wenye haya, wanaojitenga na watu kwa sababu hawawezi kustahimili kupimwa, huku moyoni wakiamini kwamba wangepewa nafasi dunia ingewatambua. Hao ndio wanaoweza kutibiwa sonona au wasiwasi kwa miaka mingi, dawa hii na ile, bila mtu yeyote kugusa kiini chenyewe.

Ndiyo maana ni nadra mtu kufika kwa tabibu akasema, "Nimekuja kutibiwa unarsisi." Anakuja kwa sababu ndoa imevunjika, amefukuzwa kazi, pombe imemzidi, au amefika umri ambao sifa za ujana hazipo tena na maisha yamekuwa matupu. Analalamikia usingizi. Analalamikia watu. Tabibu asiye na jicho la haiba atatibu usingizi.

Jambo moja dogo la kuweka sawa hapa, kwa sababu linawachanganya wengi. Ainisho jipya la magonjwa la Shirika la Afya Duniani, lililoanza kutumika Januari 2022, limeacha kuyagawa matatizo ya haiba kwa majina yale ya zamani. Sasa tabibu anapima kwanza ukali wa tatizo, kama ni mdogo, wa kati au mkubwa, kisha anaeleza tabia zinazojitokeza. Kwa hiyo unaweza kutibiwa vizuri kabisa na mtu ambaye hataandika kamwe neno "narsisi" kwenye faili lako. Usimkatae kwa sababu hiyo.

Sasa kuna hukumu inayorudiwa kila mahali: hawa hawatibiki. Hukumu hiyo ina historia. Sigmund Freud, mwasisi wa tiba ya kuchambua nafsi kwa mazungumzo, alipoandika juu ya unarsisi mwaka 1914, alielekea kuamini kwamba mtu ambaye mapenzi yake yote yameelekezwa kwake mwenyewe hawezi kujenga na daktari ule uhusiano ambao tiba inautegemea. Wazo hilo lilikaa miongo. Waliolitikisa zaidi ni madaktari wawili waliozaliwa Vienna na kukimbia utawala wa Wanazi: Heinz Kohut, aliyehamia Chicago, na Otto Kernberg, aliyekulia Chile kabla ya kwenda Marekani. Kitabu kikuu cha Kohut kilitoka mwaka 1971, cha Kernberg mwaka 1975, na wote wawili walishikilia kwamba watu hawa wanatibika kwa mazungumzo. Walichohitilafiana ni namna ya kufanya hivyo.

Hitilafu yao si ya vitabuni tu. Utakutana nayo siku utakapoketi mbele ya tabibu. Kohut aliona mtoto ambaye hakupata macho ya kumfurahia wala mtu mzima wa kumtegemea, na ambaye mpaka leo anavitafuta vitu hivyo viwili. Kwake, tabibu asiharakishe kubomoa majivuno. Amwache mgonjwa amhitaji, hata amtukuze, na kila tabibu anapokosea au kumwangusha kidogo, walizungumze mpaka lieleweke. Nguvu ya ndani inajengwa hapo, polepole. Kernberg aliona ukuu wa kujitengenezea unaoficha hasira na husuda, na akasisitiza kwamba mambo hayo yaonyeshwe waziwazi yanapojitokeza ndani ya chumba cha tiba: namna mgonjwa anavyomdharau tabibu, anavyomtawala, anavyokataa kupokea chochote kutoka kwake.

Wanaofanya kazi hii leo wengi wao wamechota kwa wote wawili, na ndivyo inavyopaswa. Tabibu anayeanza kwa kukuvua majivuno yako yote siku ya kwanza atakupoteza, na kosa litakuwa lake. Lakini namwogopa zaidi tabibu wa pili, yule anayekubaliana nawe mwaka mzima. Kwake kila ugomvi unaomsimulia unaisha ukiwa umeonewa, kila mtu uliyemuumiza alikuwa hakuelewi. Unatoka umeburudika. Nyumbani hakuna aliyeona tofauti yoyote.

Kuhusu ushahidi, nitasema ulivyo. Hakuna dawa ya vidonge inayotibu unarsisi wenyewe; dawa zinazotolewa ni za sonona, wasiwasi au maradhi mengine yanayoandamana nao. Hakuna pia majaribio makubwa ya kulinganisha tiba kwa kundi hili peke yake. Tiba zinazotumika, kama ile iliyotokana na kazi ya Kernberg ya kuchunguza uhusiano kati ya mgonjwa na tabibu, ile ya Anthony Bateman na Peter Fonagy ya kumzoeza mtu kusoma nia na hisia, zake na za wenzake, au ile ya Jeffrey Young ya kushughulikia mifumo ya fikra iliyojengeka utotoni, zimepimwa zaidi kwa matatizo jirani ya haiba. Kwa hiyo anayekuahidi kupona kwa wiki nane, au anayekuuzia mbinu moja kama ndiyo pekee iliyothibitishwa, anakudanganya. Hii ni kazi ya miaka.

Lakini "kazi ya miaka" haina maana ya "haiwezekani". Mwaka 1995 Elsa Ronningstam, John Gunderson na Michael Lyons walichapisha matokeo ya kuwafuatilia wagonjwa 20 kwa miaka mitatu. Wengi wao walikuwa wamepungua unarsisi, na watafiti walipochimba walikuta mambo ya aina tatu yaliyowabadilisha: mafanikio halisi yaliyofanya majigambo yasihitajike, uhusiano na mtu uliodumu, na matukio ya maisha yaliyowazindua kutoka katika picha waliyojichorea. Nasisitiza hilo la kati. Uhusiano uliodumu. Tiba ni mahali ambapo uhusiano wa namna hiyo unaweza kujengwa kwa makusudi, na ndiyo maana nadhani kigezo cha kwanza cha kumchagua tabibu si umaarufu wake wala jina la mbinu anayotumia. Ni kama anaweza kudumu nawe unapokuwa mgumu, na kama wewe utakubali kudumu naye akiwa hakufurahishi.

Tazama inavyokwenda kwa kawaida. Mtu mwenye cheo, wa miaka arobaini na ushei, ameambiwa na mkewe apate msaada la sivyo waachane. Anaanza na swali lake la kila siku: nani bora kuliko wote? Anataka profesa, anataka aliyewahi kuwatibu wakubwa, anataka mwenye orodha ndefu ya wanaosubiri. Anampata. Kikao cha kwanza anatoka akiwa na furaha, hatimaye amekutana na mtu mwenye akili ya kumwelewa. Cha pili vivyo hivyo, na cha tatu anawasimulia rafiki zake. Kikao cha nne tabibu anasema kwa sauti ya kawaida, "Naona kila tunapofika kwa mke wako, tunaishia kwenye habari za kazi yako." Basi, ni hilo tu. Mgonjwa anatabasamu, anasema ni kweli, anatazama saa. Njiani anaanza kuona mambo ambayo hakuyaona mwanzo: ofisi ile imechakaa, tabibu alikosea jina la mtoto wake, na hivi ile shahada aliipata wapi? Kesho yake anatuma ujumbe kwamba shughuli zimembana na atawasiliana. Hawasiliani. Mwezi unaofuata anamweleza mkewe kwamba tiba ameijaribu kwa moyo wote, ila tabibu hakuwa wa kiwango chake.

Kilichotokea katika kikao cha nne ndicho hasa alichokwenda kutibiwa. Aibu ilimchoma, na kabla hajaitambua kuwa ni aibu ilikuwa imeshageuka dharau. Ndivyo inavyotokea mezani kwake nyumbani, ndivyo inavyotokea na wafanyakazi wake. Tofauti ni kwamba mle chumbani kulikuwa na mtu aliyesomea kulishughulikia jambo hilo. Kama angerudi wiki iliyofuata na kusema, "Uliposema vile niliumia, na tangu hapo nimekuwa nikikudharau," angekuwa amefanya kazi kubwa kuliko kusimulia utoto wake kwa miezi sita.

Kwa hiyo nasema bila kusita: anayejishuku kuwa na unarsisi asitafute tabibu bora kuliko wote. Hamu ya kupata aliye bora kuliko wote ni maradhi yanayojichagulia hadhira. Atafute anayetosha: aliyesomea, mwenye uzoefu na matatizo ya haiba, anayefikika, na ambaye gharama zake anaweza kuzimudu kwa miaka miwili au mitatu, siyo kwa vikao vitano vya kifahari. Kosa la upande wa pili ni kumchagua unayeweza kumtawala, kijana mwenye aibu anayevutiwa na hadithi zako na kuziandika kwa bidii. Yeye pia ni hadhira.

Kikao cha kwanza kizuri, kwa mtu wa namna hii, mara nyingi humwacha na hisia za kawaida tu. Amesikilizwa kiasi, ameguswa mahali pasipompendeza kidogo, hajalogeka wala hajadharau. Ukitoka ukihisi umempata mtu wa ajabu duniani, endelea lakini ujiandae kwa siku atakapoporomoka machoni pako. Ukitoka ukihisi tabibu ni mpumbavu, rudi walau mara tatu kabla hujakata shauri.

Nina wasiwasi, katika hili, na programu za simu zinazomuunganisha mtu na tabibu. Zimefungua njia kwa wengi ambao wasingepata huduma, na mazungumzo ya video yanaweza kuwa tiba kamili. Lakini nyingi zinajivunia kwamba unaweza kubadili tabibu wakati wowote kwa kubonyeza mara moja. Kwa mgonjwa wa aina nyingine hiyo ni nafuu. Kwa mtu ambaye maradhi yake ni kuwabadilisha watu pale wanapomwona vizuri, hiyo si huduma.

Tugeukie upande wa tabibu, kwa sababu wengi hawajui wanamwomba mwenzao kazi gani. Matabibu walioulizwa wanahisi nini mbele ya wagonjwa hawa wameeleza hasira, kudharaulika, kujiona hawana uwezo, na uchovu wa kusikiliza mtu anayezungumza kana kwamba hakuna mwingine chumbani. Au kinyume chake: kuvimba kichwa kwa sifa wanazomiminiwa. Hisia hizo ni za kawaida. Hatari ni tabibu asiyezijua, kwa kuwa ataanza kulipiza kisasi kwa maneno ya kitaalamu au ataanza kupendelea. Mganga hajigangi. Tabibu anayefaa ana mwenzake mwenye uzoefu ambaye anampelekea kesi ngumu kwa utaratibu, na anakwenda kwake hata kama ana miaka ishirini kazini.

Hilo ndilo swali la kwanza ambalo ningemshauri mtu aulize katika simu ile ya mwanzo: "Kesi ngumu unazijadili na nani?" Anayefaa atajibu kwa urahisi, pengine kwa furaha, kwamba ana msimamizi au kikundi cha wenzake. Akichukia swali, umepata jibu. Kisha uliza kama amewahi kufanya kazi kwa muda mrefu na watu wenye matatizo ya haiba. Sema "matatizo ya haiba" kwa jumla. Usiishie kwenye unarsisi, maana wapo wenye ujuzi mzuri ambao hawajawahi kulitumia neno hilo kwenye matangazo yao. Uliza pia anadhani tiba huchukua muda gani, na sikiliza kama anaweza kusema "miaka" bila kuona haya. Cheo chake kina uzito wake: daktari wa magonjwa ya akili anaweza kuandika dawa, mwanasaikolojia wa tiba kwa kawaida amesomea zaidi upimaji na mazungumzo, na wapo washauri nasaha waliojiendeleza vizuri sana katika fani hii. Mafunzo ya miezi michache ya ushauri wa jumla hayatoshi. Na tabibu akikwambia kwa uwazi, "Kazi hii siiwezi, lakini namjua anayeiweza," usilichukue kama tusi. Amekuokolea mwaka.

Halafu kuna mipaka, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo matabibu wazuri wanapopotezea njia. Mtu mwenye unarsisi ana kipaji cha kufanywa wa pekee. Atapewa saa ya ziada, atapokelewa simu usiku, atasamehewa malipo ya kikao alichokosa, ataitwa kwa jina lake la utani, na yote hayo yataonekana kama ukarimu. Kila upendeleo wa namna hiyo unathibitisha imani ile ile inayomtesa, kwamba sheria za watu wengine hazimhusu na kwamba asipokuwa wa pekee si kitu. Tabibu anayefaa ana saa maalumu ya kuanza na kumaliza, ana utaratibu wa vikao vinavyokosekana, na anaufuata kwa upole bila kuubadilisha kwa ajili ya mtu. Ukijaribu kuusukuma, na utajaribu, hatakugombeza. Atataka mzungumze kwa nini ulihitaji kuusukuma.

Mficha maradhi kifo humuumbua, na ndiyo sababu namsihi anayekwenda mara ya kwanza asijifiche nyuma ya usingizi na msongo wa kazi. Aseme hata kama sauti inatetemeka. Anaweza kusema hivi: "Watu wa karibu wananiambia najali nafsi yangu tu. Sikubali yote, lakini uhusiano wangu unavunjika kwa namna ile ile kila mara. Na nahofia nitakuacha wewe pia nikikasirika." Sentensi ya mwisho ina thamani kubwa kuliko zote, kwa kuwa inampa tabibu ruhusa ya kumkumbusha siku ikifika.

Aseme pia kama amewahi kuwaza kujiua. Wengi hawaamini kwamba mtu mwenye kujivuna anaweza kufika huko, na ni kosa la hatari. Mtu ambaye thamani yake yote ilining'inia kwenye cheo, ndoa au jina zuri anaweza kuporomoka ghafla vitu hivyo vinapoondoka, bila kupita kwenye miezi ya huzuni ambayo ingewashtua jamaa zake. Tabibu anayelijua hilo atauliza waziwazi tangu mwanzo, tena atarudia kuuliza baada ya kila pigo. Anayejisikia hivyo sasa hivi asisubiri kumaliza kuchagua tabibu. Aende kwenye huduma ya dharura iliyo karibu leo.

Kwa ndugu na wenza nina maneno machache. Msimpe mtu jina la ugonjwa wakati wa ugomvi. Chama kile cha madaktari wa magonjwa ya akili cha Marekani kimewakataza wanachama wake tangu mwaka 1973 kutoa hadharani maoni ya kitaalamu juu ya mtu maarufu wasiyempima na ambaye hajawaruhusu, na kama madaktari wamejiwekea mpaka huo, sisi tunaosoma makala tuna sababu zaidi ya kujizuia. Mwambie kinachokuumiza na unachotaka kibadilike. Shinikizo la "nenda au tuachane" linaweza kumfikisha mlangoni, na matabibu wengi wamewahi kuanza hapo, lakini halimweki ndani. Lazima apate sababu yake mwenyewe. Tiba ya wawili pamoja inaweza kusaidia baadaye. Palipo na kipigo au vitisho msianze nayo kabisa, kwa sababu kinachosemwa mbele ya tabibu kinaweza kulipizwa nyumbani. Kwanza usalama wako. Tena usisubiri apone ndipo uanze kujitafutia msaada wako.

Linabaki swali la lini kuondoka, maana nimesisitiza kubaki na sitaki nieleweke kwamba kila tabibu avumiliwe. Tabibu akikutongoza, akitoa siri zako, akikukejeli, akikukopa fedha au kukuomba fadhila, ondoka siku hiyo hiyo na umripoti kwa chombo kinachomsimamia. Miezi mingi ikipita na hamjawahi kuzungumza kitu kigumu hata kimoja, una haki ya kutafuta mwingine. Lakini sababu ikiwa ni kwamba amekuchosha, hana akili kama ulivyodhani, alikutazama vibaya Jumanne, au alisema jambo ambalo hujaacha kulifikiria, hiyo ndiyo mada ya kikao kinachofuata.

Kwa kuwa siku hiyo ikifika hutaweza kutofautisha haya mawili kwa urahisi, yapange kabla. Katika kikao cha kwanza au cha pili uliza, "Siku nikitaka kuacha ghafla, tutafanyaje?" Wengi watapendekeza mapatano mepesi: usiache kwa ujumbe wa simu, uje ulitamke mwenyewe, kisha mkutane walau mara mbili au tatu baada ya kulitamka. Kubali, yaandikwe, na nakala moja ubaki nayo wewe.